Mtambo Ulipozunguka Mtupu

Watu wakiingia makumbusho hunyamaza, na sijui ni nani aliyewafundisha. Mtu anatoka barabarani akicheka na wenzake, akivuka tu mlango wa vioo anashusha sauti, anaweka mikono nyuma, anaanza kunyata. Anasimama mbele ya kibao cha maelezo, anasoma mistari miwili, anaruka minne, anaondoka. Ukimuuliza nje ameona nini, atakwambia, "Vitu vya zamani." Jamani! Vitu vya zamani!

Mimi ni fundi wa sauti wa makumbusho, na kazi yangu ni kuwasaidia hao wasiosoma vibao. Chumba cha mitungi nimekiwekea sauti ya maji yakimiminwa taratibu kutoka chombo kikubwa kwenda kidogo. Niliinasa jikoni kwangu, nimepiga magoti sakafuni kama mwendawazimu. Hakuna neno hata moja humo, lakini nimewaona watu wazima wakisimama pale wakimeza mate, na mtoto mmoja alimvuta mama yake gauni akasema ana kiu. Hapo mtungi umeeleweka. Kuna kona nyingine ambako usipoinama husikii kitu, na ukiinama unasikia mwanamke akimbembeleza mtoto, mmm, mmm, bila maneno. Mlinzi analalamika kwamba kona hiyo inamtia usingizi mchana kweupe. Namwambia sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Lakini leo sisimulii habari za mitungi. Nasimulia habari za mtambo wa kuchapa, na za shangazi yangu, ambaye alikuwa amekataa katakata kuhama nyumba iliyokuwa inataka kumwangukia.

Nyumba yenyewe ni ya mwisho katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji. Waliojenga walibana matofali, kwa hiyo ukuta wa chumba chake ndio huohuo ukuta wa ukumbi wa mitambo. Kiwanda kilifungwa miaka kumi na moja iliyopita. Majirani wakahama mmoja mmoja, paa la ukumbi likaanguka, na ule ukuta ukapasuka kutoka juu hadi usawa wa kitanda. Nimewahi kuingiza kiganja changu kizima kwenye ufa ule. Mhandisi wa manispaa alikuja, akatazama, akachora alama nyekundu mlangoni na kusema kwamba ukuta huo hautavuka msimu wa mvua. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu.

"Siondoki," alisema Shangazi.

"Ukuta utakuangukia!"

"Na uniangukie. Mume wangu wenzake hawajamuaga."

Mume wake, ambaye sisi watoto tulimwita Mjomba, alifanya kazi kwenye mtambo mkubwa wa kiwanda kile kwa miaka ishirini na sita. Alikufa Jumanne moja mchana, moyo tu, bila hata kuugua. Jumatano wenye kiwanda wakakifunga. Alhamisi tukamzika. Sasa, mazishini nilikuwepo kwa macho yangu. Wenzake walikuja wote, ndio waliobeba jeneza, ndio waliotupa udongo, na wengine walilia kuliko sisi ndugu. Kuagwa gani tena kunakotakiwa? Baba yangu, ambaye ni kaka yake Shangazi, alimweleza hivyo kwa upole, akamweleza kwa ukali, mwisho akachoka. Shangazi hakuwahi kufafanua. Ana kichwa kigumu mwanamke yule, na mimi nimemrithi, kwa hiyo kila nilipokwenda kumshawishi tulirushiana maneno, kisha tukanywa chai tumenuniana. Nikirudi kwangu nilikuwa naogopa kweli. Nilikuwa nikilala naota matofali.

Wakati huohuo mtambo wenyewe ukaletwa makumbusho. Wachapaji waliuita Bi Mkubwa. Una urefu wa basi dogo, una magurudumu ya meno na rola nene za chuma, na tumbo lake lote liko wazi. Mota yake ilishang'olewa zamani na watu wasiojulikana, kwa hiyo hauwezi kuzunguka hata nusu. Ulikaa katikati ya ukumbi mpya, umesafishwa, umepakwa mafuta, umenyamaza kabisa. Mkurugenzi akaniita, akauonyesha kwa kidevu, akasema, "Huyu mpe sauti yake."

Nilisafiri mwendo wa saa tano kwenda kwenye kiwanda kidogo kinachochapa vitabu vya shule, ambako mtambo wa aina ileile bado unafanya kazi. Fundi wa pale alikuwa mkarimu, lakini aliniambia karatasi hawapotezi, akauwasha bila karatasi. Nami nikafurahi! Karatasi inakwaruza, inapumua, inachafua sauti. Bila karatasi nilisikia kila jino la kila gurudumu likiuma mwenzake. Nilitega maikrofoni nane, mbili nikazilaza kabisa chini ya mtambo, nikanasa dakika tano zilizotakata.

Niliporudi nilizificha spika nane ndani ya tumbo la Bi Mkubwa na chini ya mbao za sakafu. Taa nikazipunguza mpaka chuma kikawa kinaonekana na hakionekani. Nilipowasha, nakuapia, ule mtambo ulitembea. Najua haukutembea. Lakini ukisimama pale gizagiza, mbao zinatetemeka taratibu chini ya nyayo, mlio unaanzia kushoto unapita mbele yako unaishia kulia, macho yanasalimu amri yenyewe na rola zinaanza kugeuka. Mkurugenzi alitoa miwani akaifuta. Tukaandika kibao: "Sauti ya mtambo ukiwa kazini." Nilikwenda nyumbani siku hiyo navimba kichwa.

Kabla ya kufungua tuliwaalika wachapaji wastaafu waje kujaribu. Walikuja wanne. Nawakumbuka zaidi wawili: Kidole, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu ya kimoja alichomwachia Bi Mkubwa, na Mama Jalada, aliyekuwa akishona vitabu na kuvivalisha majalada. Wote wanazungumza kwa kupaza sauti, maana maisha yao yote walikuwa wakishindana na mtambo. Mlinzi wetu alidhani wanagombana.

"Bi Mkubwa, umenenepa!" alipiga kelele Mama Jalada, akiupiga mtambo kofi la mgongo.

"Wamempaka mafuta," alisema Kidole. "Zamani alikuwa wino mtupu. Sasa anakwenda harusini."

Nikacheka nao, nikapunguza taa, nikawasha sauti.

Kidole alivua kofia. Mama Jalada aliziba mdomo kwa kiganja. Halafu, bila kuambizana, wote wanne walisogea wakapanga mstari upande mmoja wa mtambo, wakainamisha vichwa, na wakabaki hivyo dakika zote tano. Na mimi mjinga nimesimama mlangoni nafurahi! Nikawa najiambia, hawa wameguswa. Mtambo ulizunguka gizani, mbao zikatetemeka, vichwa vinne vyeupe havikuinuka. Nilijiona fundi kuliko mafundi.

Sauti ilipokwisha Kidole aligeuka. "Nani amekufa?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameshusha sauti.

"Hakuna aliyekufa, mzee wangu. Hiyo ni sauti ya mtambo ukiwa kazini. Imeandikwa pale."

Akasogea kwenye kibao, akasoma, akarudi. "Huu hauko kazini. Huu mtupu."

"Mtupu ndiyo safi," nilisema, na damu ikaanza kunichemka, maana sipendi kufundishwa kazi yangu. "Bila karatasi unasikia kila kitu. Mgeni atajuaje tofauti?"

"Mgeni hatajua," alidakia Mama Jalada. "Lakini sisi je? Umetuita kwenye sherehe umetupigia msiba!"

Ndipo wakanieleza, wakipokezana. Kule kiwandani kuzungusha mtambo bila karatasi kulikuwa marufuku, ukifanya hivyo unapewa barua ya onyo. Iliruhusiwa siku ya aina moja tu. Mchapaji akifa, wenzake wakitoka kumzika wanarudi moja kwa moja ukumbini, na nguo za mazishi mwilini, wanatoa karatasi yote, wanauwasha Bi Mkubwa mtupu. Wanapanga mstari. Dakika tano. Meneja mwenyewe alikuwa anatoka ofisini kwake kuja kusimama.

"Unazunguka, lakini hakuna kinachotoka," alisema Kidole. "Wote tunauona. Basi hapo ndipo tunakubali kwamba hayupo. Jeneza tunabeba kwa ajili ya familia. Ile ilikuwa ya kwetu."

Nikajikuta nimekaa sakafuni, kwenye mbao zangu.

"Mjomba wangu alikuwa mchapaji kwenu," nilisema. "Alizikwa Alhamisi, kiwanda kimefungwa Jumatano."

Hawakuniuliza jina. Mama Jalada alisema, "Nukta," na wengine wakaitikia kwa vichwa. Walimwita Nukta kwa sababu alikuwa anaweza kusimamisha mtambo mzima kwa nukta moja iliyokosekana kwenye ukurasa wa kumi na tatu, na watu wakamlaani, na akawa yuko sahihi.

Kidole aliizungusha kofia mikononi. "Siku ile tulikuja hadi getini na nguo zetu za mazishi. Mnyororo. Umeme umekatwa. Tulisimama pale tukitazamana kama watoto waliofungiwa nje, kisha kila mtu akaenda kwake. Shemeji alikuwa kasimama mlangoni kwake anatuona. Tangu siku hiyo sijawahi kumtazama usoni. Nikimwona sokoni napita njia nyingine." Halafu akalia, mtu mzima yule, bila kujificha, na Mama Jalada akamwambia acha, huku na yeye analia.

Nilitoka pale mbio hadi kwa Shangazi. Nilimkuta anaanua nguo.

"Kwa nini hukutuambia?" nilifoka kabla hata ya salamu. "Miaka kumi na moja! Baba kakesha anajiuliza kosa ni lipi!"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Ningewaambia mngeelewa? Baba yako anauza viatu." Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Ningesema nataka mtambo uwashwe, mngenipeleka kwa daktari wa kichwa."

Ni kweli tungempeleka. Nikamwambia mtambo uko kwangu, na sauti ile ninayo, dakika tano kamili. Nikamwambia aje Jumatatu, siku tunayofunga, na wenzake watakuja. Alichukua shuka jingine, akaanza kulikunja. Ndani ya nyumba nilisikia chembe za udongo zikidondoka kutoka kwenye ufa, tik, tik, nikatamani kumbeba mgongoni nimtoe mle palepale.

"Nitakuja," alisema. "Lakini usiniahidishe kitu kingine."

Zilikuwa zimebaki siku nne. Nilirudi kwenye kile kiwanda cha vitabu vya shule, saa tano kwenda na saa tano kurudi, nikamwomba fundi yule radhi na kumwomba aniruhusu ninase mtambo ukichapa kweli. Walikuwa wanachapa kitabu cha hesabu cha darasa la nne. Nilivaa visikizi masikioni nikafumba macho. Karatasi iliingia, ikapumua, ikalala juu ya nyenzake. Ikaingia nyingine. Faa... faa... faa. Hicho ndicho nilichokiita uchafu. Chuma kilikuwa chini kabisa, kinanguruma kwa upole, na juu yake kulikuwa na pumzi hiyo, haichoki, haikimbii. Nilisahau kuzima kinasa sauti. Nilinasa saa nzima, na sijui kama nililala au nilikuwa macho. Nakumbuka nilidhani niko mdogo, nimelala kwa Shangazi wakati wa likizo, na ukuta unapumua.

Jumatatu asubuhi walikuja wachapaji kumi na mmoja. Kidole alikuwa amewatafuta nyumba kwa nyumba. Walivaa nguo za mazishi, zile za kweli, mashati yaliyopigwa pasi yakang'aa na viatu vinavyobana. Shangazi alifika na Baba, amejitanda khanga, mkoba umebanwa kwapani. Alipouona mtambo aliuzunguka mara moja, polepole, akaangalia chini yake, akasimama peke yake upande wa pili.

"Shemeji," alianza Kidole.

"Baadaye," alisema Shangazi. "Fanyeni kwanza."

Wakapanga mstari. Mkurugenzi naye alishuka kutoka ofisini, hakuna aliyemwambia, akasimama mwisho wa mstari. Kidole akasema, "Nukta, wenzako tupo." Nikawasha.

Sitaweza kuzieleza vizuri dakika zile. Mtambo ulizunguka mtupu. Wanaume kwa wanawake walisimama wakiwa na sura za vijana, sijui ni ule mwanga hafifu au ni nini, migongo imenyooka, na mimi niliona, kweli niliona, nafasi moja tupu katikati ya mstari ambayo hakuna aliyeipanga. Meno ya chuma yaliumana, yakaachana. Hakuna kilichotoka. Baba yangu, muuza viatu, alinishika mkono akaubana. Sauti ilipofifia na kuisha, wale kumi na mmoja walishusha pumzi kwa pamoja, wakaanza kukumbatiana, na kilio kilichokuwa kimefungiwa nje ya geti kikatoka chote.

Mimi nilikuwa namwangalia Shangazi. Nilingoja alie. Nilingoja aniambie, haya mwanangu, sasa nahama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mmemuaga," aliwaambia. "Ilikuwa haki yenu, na sina kinyongo na mtu. Kidole, acha kunikimbia sokoni, mimi siumi." Kisha akanigeukia. "Na mimi?"

"Wewe vipi, Shangazi?"

"Hii ni yao. Mimi hii sikuwa naisikia kwangu ila mara moja moja, na kila ikisikika nilikuwa naziba masikio. Ya kwangu ni ile ya kazi. Unayo?"

Kwa haraka nikabonyeza pasipo. Nikabonyeza tena.

Chumba kilijaa pumzi. Faa... faa... Mbao chini ya miguu hazikutetemeka safari hii, zilitulia, na hewa yenyewe ikawa kama inapita usoni. Mama Jalada alinyoosha mkono mbele yake bila kujua, akawa anapokea kurasa zisizokuwepo, anazisawazisha, anapokea nyingine. Mtu mmoja alianza kucheka kwa sauti ndogo. Kidole alisimama kwenye kona ya mtambo ambayo bila shaka ilikuwa yake, akainamisha sikio, akatikisa kichwa kuridhika. Hakuna aliyetaka kuondoka.

Shangazi alivua viatu. Akakaa sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye chuma, akafumba macho, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Ndiye," alisema. "Nilikuwa nikipika naisikia hii, nikifua naisikia, najua yuko upande wa pili wa ukuta, mzima. Mwanangu, nilidhani nangoja aagwe. Kumbe nilikuwa nangoja hii ianze tena." Nilikaa kando yake. Nikamshika goti. Alikaa vile hadi karatasi za darasa la nne zikafika mwisho, akanifanyia ishara nirudie, nikarudia.

Baadaye, wengine walipokuwa wamekwenda kunywa chai na Mkurugenzi, alifumbua jicho moja.

"Hapa mnafungua saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Saa tatu!" Alinitazama kama nimemtukana. "Yeye zamu yake ilianza saa moja."

"Saa moja nitakufungulia mimi, mlango wa nyuma."

"Kila siku?"

"Kila siku, Shangazi."

"Na Jumatatu?"

"Na Jumatatu."

Akafumba jicho lake, akajiweka sawa mgongoni mwa Bi Mkubwa.

"Basi nenda kamwambie baba yako atafute gari," alisema. "Kitanda kitabebwa kesho."